Taa ya injini inayowaka na kuzima: kutafuta chanzo kwenye Subaru ya tabo iliyotumika

Taa ya injini iliyowaka na kubaki imewaka humrahisishia fundi kazi, kwa kuwa hitilafu ipo na inaweza kupimwa gari likiwa limesimama gereji. Ile inayowaka ukipita Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ikazima siku mbili baadaye ukiwa mjini Nakuru, na isionekane tena hadi mvua inyeshe, ndiyo inayomaliza pesa za watu. Mwenye gari hununua koili, kisha sensa, kisha plagi, na kila mara taa inapokaa kidogo bila kuwaka huamini kwamba spea aliyoinunua mwisho ndiyo iliyoponya gari. Mwongozo huu unahusu Subaru za tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) zilizoingizwa nchini Kenya kutoka Japani zikiwa zimetumika, hasa Impreza WRX, WRX STI na Forester zenye injini ya EJ20, ingawa mpangilio wa uchunguzi unafaa karibu gari lolote la tabo. Hitilafu ikiwa ya kuja na kuondoka, mazingira ambamo taa iliwaka ni ushahidi mzito kuliko jina la kifaa ambacho mashine ya kusoma kompyuta ya gari imekitaja.

Taa inawaka namna gani?

Ikiwa taa inamweka, yaani inawaka na kuzima kwa mpigo wa haraka ukiwa unaendesha, kompyuta imegundua kwamba silinda moja au zaidi inamisi, yaani haiunguzi mafuta yake ipasavyo, na kwamba petroli isiyoungua inaingia kwenye egzosi, ambako huungulia ndani ya katalitiki (kifaa cha kusafisha moshi) na inaweza kuipasha joto hadi iharibike. Punguza mguu kwenye akselereta, endesha taratibu bila kuiamsha tabo, na uahirishe safari ndefu. Taa ikiwaka bila kumweka, injini ikivuta kama kawaida na geji ya joto ikiwa mahali pake, unaweza kufika nyumbani kwa utulivu. Taa nyekundu ya oili ni jambo jingine kabisa. Hiyo ikiwaka, toa gari barabarani na uzime injini papo hapo.

Wamiliki wengi wapya hushtuka kwa sababu kwenye Subaru nyingi taa ya injini haiji peke yake: taa ya kruzi (mfumo wa kushikilia kasi) huanza kumweka, na ile ya mfumo wa kuzuia utelezi huwaka pamoja nayo. Hizo si hitilafu tatu. Kompyuta imesimamisha huduma hizo kwa tahadhari, na zitarudi tatizo la injini likiondoka. Aliyeshauriwa anunue sensa za magurudumu kabla ya msimbo wa injini, yaani namba ya kosa iliyohifadhiwa na kompyuta, kusomwa ameshauriwa vibaya.

Kwa nini inazima yenyewe

Hitilafu nyingi haziwashi taa mara ya kwanza zinapotokea. Kompyuta huandika kwanza msimbo wa muda, husubiri safari nyingine, na tatizo likijirudia ndipo huwasha taa. Zikipita safari tatu mfululizo bila tatizo kuonekana, taa huzimwa, lakini msimbo hubaki kwenye kumbukumbu mpaka injini iwe imepata joto na kupoa takriban mara 40 bila kosa lile kurudi. Kwa hiyo mtu anaposema “ilizima yenyewe,” habari alizonazo ni kwamba hali iliyoleta tatizo haijajirudia katika safari za karibuni. Aliyeendesha Nakuru mjini wiki nzima hajaipa injini nafasi ya kuonyesha kosa linalotokea mlimani.

Ndiyo maana kuchomoa waya wa betri ili “gari lisahau” ni kuharibu ushahidi. Misimbo hufutika, kumbukumbu ya hali iliyokuwapo hitilafu ilipotokea hufutika, na marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta ilikuwa imejifunza kwa muda mrefu hurudi sifuri. Madalali wanaijua mbinu hiyo vizuri. Unapokwenda kuangalia gari la kununua, usiridhike kwamba taa haiwaki. Hakikisha kwanza kwamba inawaka ufunguo ukiwashwa kabla injini haijanguruma, maana kuna wanaoitoa balbu, kisha isome kompyuta uone kama vipimo vyake vya ndani vimekamilika. Gari ambalo vipimo vyake vyote bado havijakamilika limefutwa kumbukumbu au limetolewa betri karibuni, na muuzaji anapaswa kueleza sababu.

Kusoma kompyuta na kuandika mazingira

Kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya dashibodi na kusomwa kwa simu kinatosha kwa magari mengi, ingawa vile vya bei ya chini kabisa hukatikakatika na kupoteza mawasiliano. Subaru nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani haziitiki kwa lugha ya kawaida ya vifaa hivyo, bali kwa lugha ya Subaru yenyewe, kwa hiyo simu ikisema haioni gari, usikimbilie kudhani kwamba kompyuta imekufa. Tafuta fundi mwenye mashine inayoielewa Subaru, au utumie kompyuta ndogo yenye programu kama FreeSSM pamoja na kebo yake.

Usiishie kwenye msimbo. Fungua kumbukumbu ya hali, ambayo huhifadhi mzunguko wa injini, kasi, joto la maji, mzigo na marekebisho ya mafuta vilivyokuwapo kosa liliponaswa. Mzunguko wa 3,000 kwa dakika, maji yakiwa nyuzi 92 na mzigo ukiwa mkubwa, unaelekeza kwenye mlima. Mzunguko mdogo na maji nyuzi 25 unaelekeza asubuhi, gari likiwa bado uani.

Pamoja na hayo, mwenye gari aandike kwenye simu yake kila taa inapowaka: alikuwa wapi, mvua ilikuwa inanyesha au la, injini ilikuwa baridi au moto, tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani, alikuwa amekanyaga akselereta au ameiachilia, na ni kazi gani iliyofanywa mwisho kwenye gari hilo. Swali hilo la mwisho ndilo ambalo fundi mzuri huanza nalo, kwa sababu hitilafu nyingi za aina hii huzaliwa siku gari lilipokuwa gereji kwa jambo lingine.

Inawaka baada ya mvua au baada ya gari kuoshwa

Misimbo ya hapa ni P0300 hadi P0304, na tarakimu ya mwisho hutaja silinda, isipokuwa sifuri ambayo humaanisha kwamba kosa limeenea. Kwenye injini ya EJ, ukiwa umekaa kwenye usukani ukitazama mbele, silinda ya 1 na ya 3 ziko kulia, ya 2 na ya 4 ziko kushoto, na zenye namba ndogo kila upande ndizo za mbele. Vishimo vya plagi viko ubavuni mwa injini. Maji yenye msukumo yakipigwa kwenye boneti iliyo wazi, kama inavyofanyika kwenye sehemu nyingi za kuoshea magari, huingia humo na kukaa chini ya koili.

Chomoa koili ya silinda iliyotajwa wakati injini imepoa na uitazame kwa tochi. Unyevu na kutu vitaonekana mara moja. Ukikuta oili, tatizo ni sili ya tundu la plagi iliyo chini ya kifuniko cha vali, na koili mpya itaharibika kama ile ya kwanza usipoibadilisha sili. Mstari mwembamba mweusi au wa kijivu kando ya mpira wa koili ni njia ambayo umeme umekuwa ukiitumia kutorokea kwenye chuma badala ya kufika kwenye ncha ya plagi.

Kama hakuna kinachoonekana, usinunue kitu bado. Tuseme imetajwa silinda ya 3: badilishana koili yake na ya silinda ya 2, uache plagi mahali pake, kisha uendeshe katika hali ileile. Msimbo ukihama na koili, umepata jibu bila kutumia shilingi. Usipohama, fanya hivyohivyo kwa plagi. Mwanya wa plagi kwenye injini hizi za tabo ni milimita 0.7 hadi 0.8, ukiwa mpana zaidi, injini itanguruma vizuri na kumisi pale tu tabo inapoanza kusukuma. Plagi bandia zimejaa madukani, na chapa kwenye boksi haithibitishi kitu, kwa hiyo bei ya chini isiyoelezeka ichukuliwe kama onyo.

Inawaka ukipanda kwa nguvu

Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret ni kipimo ambacho gereji haiwezi kukitengeneza. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako mkandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 81. Timboroa, ambako ni takriban mita 2,700, hubaki kama 73. Na Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, hufika 88. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu tu inapopanda. Yenye tabo hujaribu kufidia, kwa hiyo tabo huzunguka kwa kasi zaidi, hewa hutoka ikiwa ya moto zaidi, na kila mpira na klipu kati ya tabo na injini hubeba tofauti kubwa zaidi ya mkandamizo. Gari linalokaa Kisumu mwezi mzima bila taa na kuiwasha kila likikaribia Mau Summit halina maajabu. Lina uvujaji ambao bondeni hautoshi kunaswa.

Mahali pa uvujaji hutambulika kwa mwelekeo wa mafuta. Sensa ya kupima hewa iko karibu na boksi la kichujio, kabla ya tabo. Mpira ulio kati ya sensa na tabo ukipasuka, hewa ambayo haikupimwa hunyonywa ndani na mchanganyiko hukosa mafuta, ambapo msimbo P0171 hutokea na marekebisho ya mafuta huonekana yakipanda juu ya asilimia 10. Uvujaji ukiwa baada ya tabo, kwenye viungo vya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), hewa iliyokwisha kupimwa hutoroka wakati wa msukumo na petroli huzidi: moshi mweusi nyuma, harufu ya mafuta, na mlio wa mluzi au upepo unaosikika ukiteremsha kioo karibu na ukuta. Uvujaji baada ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na akselereta) huchanganya tabia hizi, kwa kuwa huingiza hewa injini ikinguruma bila gari kwenda na huitoa wakati wa kupanda.

Mpira wa kabla ya tabo umejificha chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, na kwenye magari yaliyozeeka hupasuka upande wa chini ambako jicho halifiki. Njia ya uhakika ni kuziba mfumo, kuingiza moshi au hewa ya kompresa yenye mkandamizo mdogo usiozidi ule ambao tabo yenyewe hutoa, na kupaka maji ya sabuni kwenye viungo. Kukaza klipu zote kwa nguvu bila kupima si utatuzi, kwani klipu iliyokazwa kupita kiasi huukata mpira ambao ulikuwa mzima.

Ikiwa hakuna uvujaji, itazame sensa ya kupima hewa. Vumbi la barabara za Njoro na Rongai, pamoja na oili ya vile vichujio vya wazi vya kuoshwa ambavyo vijana huvipenda, hujenga utando kwenye waya wake mwembamba. Isafishwe kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake pekee, wala si kwa petroli, kitambaa au upepo wa kompresa.

Suala la oktani (uwezo wa petroli kutojiwakia kabla ya wakati, jambo linaloitwa kugonga) lahitaji tahadhari ya pekee. Magari haya yalitengenezwa yatumie petroli ya oktani ya juu ya Japani, ambayo huwa karibu 100, na super ya kawaida ya hapa iko chini ya hapo. Injini ikigonga, kompyuta hurudisha nyuma wakati wa cheche kimyakimya, na kugonga kwenyewe hakuwashi taa. Msimbo P0327 au P0328 husema jambo jingine, kwamba sensa ya kusikiliza kugonga huko au waya wake una kasoro, na kwamba kompyuta imebaki bila sikio. Kwa hiyo gari lenye msimbo huo lisikanyagwe kwa nguvu hata kama linavuta vizuri, mpaka sensa ibadilishwe. Weka pia petroli ya daraja la juu kutoka kituo chenye wateja wengi.

Inawaka kwenye barabara mbovu, na misimbo haifanani

Hili ndilo kundi gumu. Mashine inasema silinda ya 3 leo, sensa ya krankishafti (shafti kuu ya injini) kesho, sensa ya oksijeni wiki ijayo. Si kawaida vifaa vitatu visivyohusiana kufa pamoja. Vinapolalamika kwa zamu, tafuta kile vinachokula vyote: umeme unaovifikia, au waya wa athi unaorudisha umeme kwenye bodi.

Anza kwa betri, ambayo ikiwa imepumzika inapaswa kuwa na volti 12.6 hivi, na injini ikinguruma zifike kati ya 13.5 na 14.5. Kisha weka multimita kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini, washa taa kubwa, feni na kipasha joto cha kioo cha nyuma, na usome. Zaidi ya volti 0.2 ina maana kwamba waya wa athi umelika au bolti yake imekaa juu ya rangi na kutu. Ni kazi ya dakika chache, nami hushangaa jinsi inavyorukwa na mafundi ambao tayari wameagiza sensa kutoka Nairobi.

Baada ya hapo, fungua kifuniko kilicho chini ya usukani. Magari mengi nchini yamefungwa alamu na traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo), mara nyingi kwa sharti la benki iliyokopesha pesa au la bima, na traka nyingi zina rilei ya kukata umeme wa kuwashia injini au wa pampu ya mafuta. Kuna STI iliyokuwa ikiwaka taa kwenye matuta ya kuingia Njoro, ikiyumba kidogo kana kwamba mtu ameizima na kuiwasha kwa nusu sekunde, kisha ikaendelea. Ilikuwa imekwisha kuwekwa koili na sensa ya krankishafti. Chini ya usukani, waya mnene wa ufunguo ulikuwa umekatwa na kuunganishwa tena kwa kusokotwa kwa vidole, bila kuchomelewa, ukazungushiwa tepu ambayo gundi yake ilikuwa imeyeyuka kwa joto na kuteleza kando. Nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi, na chache tu kati yake zilikuwa bado zinagusana. Kiungo kilichomelewa na kufunikwa kwa mrija unaojikaza kwa joto, na misimbo yote ikaondoka kwa pamoja. Traka yenyewe haikuwa na kosa lolote, na ikiwa gari lina mkopo, usiing'oe. Mwite aliyeifunga airekebishe mbele yako.

Traka ikiwa safi, injini ikinguruma, shika mafungu ya nyaya moja baada ya jingine na uyatikise polepole huku mwenzako akitazama mashine. Angalia hasa kufuli za plastiki za soketi za koili, ambazo joto huzivunja zikabaki zimekaa tu bila kushika. Waya wa sensa ya oksijeni uliolalia egzosi. Na alama za meno ya panya, ambao hupenda injini iliyo vuguvugu kwenye gari linalolala karibu na ghala la mahindi.

Inawaka asubuhi, injini ikiwa baridi

Asubuhi za Molo na Mau Narok ni baridi ya kutosha kufichua sensa ya joto la maji inayodanganya. Linganisha kipimo chake na cha hewa inayoingia kabla ya kuwasha injini iliyolala usiku kucha. Tofauti isiwe zaidi ya nyuzi chache. Misimbo P0011 na P0021 inahusu mfumo wa kubadilisha muda wa vali, ambao huendeshwa kwa oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili kabla ya kununua chochote. Oili iliyopungua, iliyopitwa na wakati, au nzito kuliko ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari hutosha kuleta misimbo hiyo. Ikiwa oili ni safi na imejaa, chunguza vali za umeme za oili na vichujio vidogo vya wavu vilivyo kwenye njia zake.

Inawaka baada ya kujaza mafuta

Ushauri wa kukaza mfuniko wa tangi umetoka Marekani, ambako kompyuta hulazimika kupima uvujaji wa mvuke wa petroli. Subaru nyingi za soko la Japani hazina kipimo hicho. Hapa kwetu shuku kwanza petroli yenyewe, hasa maji. Uchanganyaji wa mafuta taa ulikuwa tatizo kiasi kwamba serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 ili kuondoa faida yake. Gari likianza kumisi kilomita chache baada ya kituo, usilikanyage. Toa mafuta hayo na ubadilishe kichujio.

Mikono ya mwenye gari wa kwanza

Gari la aina hii mara chache hufika likiwa kama lilivyotoka kiwandani. Katalitiki ikiwa imeondolewa, msimbo wake, P0420, utarudi daima kwenye safari ndefu ya kasi isiyobadilika, na hakuna sensa itakayouponya. Bomba la hewa lililobadilishwa kuwa pana zaidi hupotosha hesabu ya sensa ya hewa, mpaka kompyuta iandikwe upya na mtu anayejua. Kidhibiti cha mkono cha msukumo wa tabo kiondolewe kwanza kabla ya uchunguzi mwingine wowote.

Kuthibitisha kwamba limekwisha

Ukishatengeneza, hifadhi picha ya misimbo ya zamani, ifute kwa mashine, kisha rudia mazingira yaleyale yaliyoandikwa kwenye simu: mlima uleule, injini ikiwa na joto lilelile, na mvua kama ilihusika. Sehemu ya Salgaa na Sachang'wan ina historia mbaya ya ajali na malori mazito, kwa hiyo kipimo kifanywe kwa mwendo wa kawaida wa kupanda, abiria akiwa ndiye anayesoma mashine. Usitegemee taa peke yake, kwa kuwa haitawaka hadi kosa lijirudie. Soma misimbo ya muda ukifika. Msimbo uleule ukirudi na kumbukumbu ya hali inayofanana na ile ya awali, chanzo bado kipo. Ukirudi na hali tofauti kabisa, mathalani silinda ileile lakini injini ikiwa baridi na gari limesimama, hiyo ni hitilafu ya pili na uchunguzi wake unaanza upya.